Nani Aambiwe Kwanza? Adabu Zetu Katika Zama za Mitandao ya Kijamii

Nimeona pale mlangoni mwa kikao hiki, hapa Tanga, kwamba wengi mmezima milio ya simu bila kuambiwa na mtu. Jambo hilo dogo limenipa moyo, na mtaona baadaye kwa nini.

Nimepewa mada ya mitandao ya kijamii na adabu za kila siku. Mara nyingi mada hii huja na malalamiko: vijana hawasalimii, simu imemaliza undugu, watu wanakaa pamoja kila mmoja na lake. Sikuja kurudia malalamiko hayo, kwa sababu sehemu kubwa yake siiamini. Kijana wa leo huongea na shangazi yake aliye mbali mara nyingi kuliko sisi tulivyoongea na shangazi zetu. Nilichokuja nacho ni hoja moja, ambayo nitaigawa katika sehemu nne ili ifuatike. Adabu zetu, sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, zimejengwa juu ya zamu: nani atangulie kusalimu, nani aambiwe kwanza, nani angoje nje, nani aseme mwisho. Mitandao haijatuondolea maneno ya adabu. Imeondoa kungojana. Jambo likitokea humfikia kila mtu kwa wakati mmoja, wa karibu na wa mbali, mkubwa na mdogo. Na kwa kuwa subira hiyo haitarudi yenyewe, itabidi tuirudishe sisi, kwa kukubaliana, nyumba kwa nyumba na kundi kwa kundi.

Kabla sijaanza, tukumbuke jinsi mabadiliko haya yalivyokuja kwa kasi. Kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari ilianza kutumika Julai 2009, ikafika Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo WhatsApp ilianzishwa Marekani. Mwaka 2013 ikaongeza ujumbe wa sauti, mwaka 2014 ikanunuliwa na Facebook kwa takriban dola bilioni 19, na kabla mwaka huo haujaisha zikaja zile tiki mbili za bluu. Yote hayo ndani ya miaka mitano. Facebook yenyewe huishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo yanataka macho yetu yasibanduke kwenye kioo. Hakuna aliyekaa kule akajiuliza mjomba asalimiwe vipi. Kazi hiyo tuliachiwa sisi.

Wala si mara ya kwanza. Wenye umri wangu mnakumbuka enzi za kubipu. Vocha ilikuwa ghali, mtu anapiga simu ikalia kidogo akakata. Bila mwalimu wala kitabu tukajiwekea taratibu: mwenye uwezo ndiye anayepiga, mdogo humbipu mkubwa, anayetafuta mchumba habipu, na mtu na nduguye walikubaliana kwamba mlio mmoja maana yake nimefika salama. Watu waliunda adabu ya chombo kipya kwa muda mfupi. Kwa hiyo ninaposema tunaweza, ninasema jambo tulilowahi kulifanya.

Hoja ya kwanza: salamu na haja

Salamu ya ana kwa ana ina kazi zaidi ya heshima. Unapouliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, unampima mwenzako. Unasikia sauti yake, unaona kama amekonda, unajua kama leo ni siku ya kumweleza shida yako au ya kuinyamazia. Kwa dakika mbili tatu za salamu watu wengi wameepushwa na kuomba fedha kwa mtu aliyefukuzwa kazi jana.

Kwenye simu salamu imepata maradhi mawili yanayopingana. La kwanza wote mnalijua: haja inakuja bila salamu. "Nitumie elfu ishirini." Limesemwa sana, sitalirefusha. La pili halisemwi sana, nalo huwasumbua watu wazima kuliko la kwanza. Ni salamu inayokuja peke yake. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakuta mpwa wake kaandika saa nane usiku: "Shikamoo mjomba." Anajibu marahaba. Kimya. Hajui kuna ugonjwa, kuna kesi, au mtoto alikosa usingizi tu. Anakwenda kazini na jambo hilo kifuani. Mpwa hakukosa adabu. Amefanya alivyofundishwa, amesalimu na anangoja aulizwe. Ila utaratibu ule ulihitaji watu wawili waliosimama mahali pamoja.

Tuliwahi kuwa na namna ya kusalimu na kusema haja kwa maandishi, nayo ni barua. Sisi watu wa Tanga tuna mfano wa kujivunia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua hizo zilikusanywa katika kitabu chenye jina la Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Mwandishi wa barua alijua jibu litachukua siku au wiki, kwa hiyo kila kitu kilikaa kwenye karatasi moja: salamu, hali yangu, hofu yangu juu yako, jambo lenyewe, kisha kwaheri na salamu kwa wote nyumbani. Mpokeaji akiifunga barua hana swali la kumnyima usingizi. Vijana, hilo ndilo ninalowaomba. Ukimwandikia mkubwa, weka shikamoo na haja yako katika ujumbe mmoja. Hutakuwa umemvunjia heshima. Utakuwa umemwandikia barua.

Na wakubwa nao wana sehemu yao. Zile tiki za bluu zimetufanya tuone kila ukimya ni dharau. Amesoma, hajajibu, basi ana kiburi. Lakini ana kwa ana tulimpa mtu nafasi: ngoja nikaulizane na mwenzangu, nitakuletea jibu kesho. Hakuna aliyekasirika. Tumpe nafasi hiyohiyo aliyeko upande wa pili wa simu.

Hoja ya pili: hodi

Hakuna mtoto aliyelelewa mitaa ya Ngamiani, hapa Tanga, asiyejua kupiga hodi. Unabisha, unangoja, unabisha tena, na baada ya mara ya tatu kama hakuna karibu, unarudi. Waislamu mnajua kwamba Kurani, katika Sura ya An-Nur kuanzia aya ya 27, inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi. Anayebisha husimama pembeni ya mlango, asiuelekee, jicho lisitangulie mwili.

Sasa jicho ndilo linalotangulia. Mgeni anakaribishwa chakula, kabla hajanawa amekwisha kupiga picha sinia, na nyuma ya sinia kuna ukuta uliobanduka rangi na mtoto asiye na shati. Picha hiyo inakwenda kwa watu mia tatu. Mwenye nyumba alimkaribisha mtu mmoja. Tunakwenda hospitali kumtazama mgonjwa, mpira wa dripu mkononi, midomo imekauka, na mtu anampiga picha ili watu wamwombee dua. Dua haihitaji picha. Mgonjwa akipona atajikuta ameonwa na wasiomjua akiwa katika hali ambayo hata watoto wake walikuwa wanafunikwa macho wasiione.

Zipo sheria. Tanzania imepitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ilitangulia na yake mwaka 2019. Naziheshimu, lakini hakuna shangazi atakayempeleka mpwa wake mahakamani kwa picha ya sinia. Mambo haya yanaamuliwa sebuleni.

Na hapa nataka niwasifu kinamama wa pwani, kwa sababu wameshatuonyesha njia. Katika harusi zetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, wanawake hukutana peke yao, wakavua mabuibui, wakajipamba na kucheza kwa uhuru. Simu za kamera zilipoingia, uhuru huo ulitishika, kwani picha moja ikitoka nje ingeweza kumharibia mtu ndoa. Kinamama hawakungoja bunge. Siku hizi kadi nyingi huandikwa wazi kwamba simu na kamera haziruhusiwi, na katika baadhi ya shughuli mlangoni huwekwa mtu wa kuzipokea. Mgeni anakabidhi simu yake kama anavyovua viatu, na hakuna anayenuna. Wametunga kanuni, wameitangaza mapema na wameisimamia. Wanaume, vyama, misikiti na makanisa bado tunalalamika tu.

Hoja ya tatu: habari ya kifo

Hapa nitakaa zaidi, mniwie radhi.

Zamani habari ya kifo ilitembea kwa miguu. Wazee mliopo ni mashahidi. Mtu hakutumwa peke yake, walikwenda wawili, na walichaguliwa wenye busara. Wakifika hawakusema mara moja. Walisalimu, waliketi, wakaomba maji. Wakasema mgonjwa hali yake si nzuri, jiandae twende. Mwenye msiba alijua tangu alipowaona wawili mlangoni, lakini aliachiwa muda wa kujua polepole. Alipofika kwenye msiba na kuthibitisha, tayari alikuwa kati ya watu, kuna wa kumshika, kuna wa kumfunga kanga kiunoni. Msiseme ulikuwa uongo. Ulikuwa uangalizi wa moyo wa mtu.

Kisha ikaja redio, nayo ilikuwa ya kasi kuliko miguu. Nani hakumbuki matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam? Nyumba nzima ilinyamaza. Lakini angalieni tangazo lilivyokuwa. Familia yenyewe ndiyo iliyoliandika na kulipeleka. Lilitaja jina la marehemu, mahali na siku ya mazishi, kisha likasema habari ziwafikie fulani wa mahali fulani, na fulani, popote walipo. Redio ilisikika nchi nzima, na bado ilijua nani anaambiwa. Kwa hiyo si teknolojia inayoua zamu. Inategemea nani ameshika tangazo.

Leo tangazo limeshikwa na yeyote. Jirani aliyekuwa hospitali kwa shughuli zake anasikia kilio wodini, anatambua watu, na kabla maiti haijafunikwa vizuri picha ya marehemu iko kwenye stetasi na maneno ya kumwombea. Nia yake ni njema kabisa. Sasa fikirini binti wa marehemu anayefanya kazi Muscat, au yule aliyeko Toronto ambako ni usiku. Anaamka, anawasha simu, anakuta ujumbe sitini, na wa kwanza anaoufungua umeandikwa neno moja: pole.

Pole ya nini? Hajui. Anaanza kutafuta mwenyewe, anapekua makundi, anapanda juu kwenye ujumbe uliotangulia, mpaka anaikuta picha ya mama yake. Yuko peke yake chumbani. Hawakuja watu wawili, hakuna aliyeomba maji. Mtu wa mwisho kujua ni yule aliyestahili kuwa wa kwanza, na rambirambi imemfikia kabla ya msiba. Nimewasikiliza watu kadhaa waliopatwa na jambo hili. Miaka imepita, wamekwisha kumsamehe Mungu kwa kumchukua mama, lakini jina la aliyeweka picha ile bado wanalitaja.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba simu ndiyo adui wa msiba. Mazishi ya Kiislamu hayangoji, na mtoto aliye Oman au Uingereza mara nyingi hawezi kuwahi. Kwa simu anaona jeneza likitoka, anasikia watu wakiitikia amina, anaona udongo. Hilo zamani hakulipata kabisa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo sanda na usafiri havikwami kwa sababu mchango uko mbali. Haya ni mema na tuyalinde.

Ila kutuma ubani hakujawa kufika. Nieleze kwa nini, maana wengi tunahisi hivyo bila kusema sababu. Matangani mtu hahitaji maneno. Unaingia, unatoa mkono, unakaa kwenye jamvi. Unaweza kukaa saa mbili bila kusema kitu, na kila aliyekuona amejua ulikuja. Mama mmoja anaosha masufuria uani na hiyo ndiyo rambirambi yake yote. Uwepo umemruhusu kunyamaza. Kwenye kundi la WhatsApp anayenyamaza hayupo. Kwa hiyo kila mmoja analazimika kuandika, na kwa kuwa uchungu haubuni maneno, wananakili yaliyoandikwa na aliyetangulia, mara mia mbili, mistari ileile. Mfiwa anasoma mia mbili ile na haipati nguvu yoyote, halafu anaona vibaya kwa kutoipata. Aliye karibu aende. Aliye mbali kweli apige simu baada ya siku saba, wakati turubai limeshushwa na watu wameondoka, aseme tu, nimekukumbuka. Wakati huo ndio mfiwa anapobaki na nyumba yake.

Hoja ya nne: baraza

Mwaka 2012 wanasaikolojia Andrew Przybylski na Netta Weinstein, wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walitoa utafiti ambamo watu wasiojuana walikalishwa wawili wawili wazungumze. Kwa baadhi yao simu iliwekwa karibu, wala haikuguswa. Kwa wengine kiliwekwa kijitabu. Waliokuwa na simu machoni walisema wamejihisi kuwa mbali zaidi na mwenzao, hasa mazungumzo yalipohusu jambo lenye uzito. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo siwaambii ni kanuni ya maumbile. Lakini kila mwuza kahawa wa mabaraza ya mjini hapa angewaeleza kitu cha jinsi hiyo.

Mimi naongeza jambo la kwetu. Kijana aliyefundishwa adabu huinamisha macho mbele ya mzee. Kukodoa ni utovu. Sasa kijana ameinama vilevile, shingo ileile, lakini anatazama kiganja chake. Mzee anaona mwili wa heshima, na ndani yake hamna anayemsikiliza. Ndiyo maana wazee wengi wanaumia bila kuweza kusema kosa liko wapi, na kijana anashangaa, mbona sikusema neno baya?

Kuna na suala la ugomvi. Kwetu wakosanao waliitwa pembeni. Mzee mmoja alimshika huyu mkono, mwingine akamchukua yule, wakasikilizwa mbalimbali kabla ya kukutanishwa. Mtu alipewa nafasi ya kukiri bila hadhara. Leo kaka na dada wanagombea shamba la marehemu baba mbele ya ukoo mzima kwenye kundi, wakwe wakiwemo, na watoto wadogo wanaosoma kila kitu. Mwaka 2016 kundi moja la WhatsApp lilibeba watu 256, mwaka 2022 likafika 1,024. Hakuna usuluhishi wa mirathi uliowahi kufanywa mbele ya watu elfu. Aliyetamka neno zito hana pa kurudia, kwa sababu neno lake limekwisha kupigwa picha. Maadmini wa makundi ya ukoo, ninyi mna kazi ya wale wazee wawili. Ugomvi ukianza, mpigieni kila mmoja simu peke yake, na kundi lifungwe kwa siku hiyo.

Tunakoelekea

Ndugu Mwenyekiti, naomba tusitoke na maneno tu. Kila mtaa wetu una watu wanaosimamia misiba, wanaoleta turubai na viti na kushika daftari. Waongeze jukumu moja: msemaji wa msiba, atakayeiuliza familia nani bado hajaambiwa, na ambaye hakuna atakayeweka picha popote kabla hajatoa ruhusa. Mashehe na wachungaji mliomo humu mkilisema hili Ijumaa na Jumapili moja, mji utalijua kwa wiki moja. Walimu wa Kiswahili, tunafundisha barua ya kirafiki na barua rasmi, na wanafunzi wanazifanyia mtihani. Tuwafundishe na ujumbe wa simu, wenye salamu na haja pamoja, na tuusahihishe kwa wino mwekundu kama tunavyosahihisha insha.

Na lipo jambo ambalo bado halijafikiriwa vya kutosha. Tangu mwaka 2015 Facebook imemruhusu mtu kumteua atakayeuangalia ukurasa wake akifa. Sisi tunajua nani anarithi nyumba, nani anachukua mashine ya cherehani, nani anapewa kanzu. Simu ya marehemu je, pamoja na sauti na siri za watu alizokuwa amezihifadhi humo? Nani ana haki ya kuifungua, na baada ya siku ngapi? Ningependa kikao kijacho kiwakutanishe wanasheria, wanazuoni na kinamama wanaosimamia misiba, walijadili hilo kabla mazoea hayajatuamulia.

Tunafungua maswali, na kwa ruhusa ya wazee wangu, naomba wa kwanza awe mmoja wa wanafunzi waliokaa nyuma, maana makundi haya wao ndio watakaoyaendesha.